Mti wa hitilafu katika mtihani wa uhandisi wa ishara za reli: uchorwe au uachwe, na uishie wapi?

Mwanafunzi_Ishara

Ndugu wataalamu, salamu kwenu.

Ninajiandaa kwa mtihani wa kitaaluma wa uhandisi wa ishara za reli, hasa ile karatasi ya usalama inayomtaka mtahiniwa aeleze, kwa maandishi na kwa michoro, namna mfumo fulani unavyoweza kuzaa hatari na kinga zilizowekwa ili hatari hiyo isitokee. Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikijisomea kwa kuchora miti ya hitilafu. Nachagua mfumo mmoja, naandika ajali juu ya karatasi, kisha nashuka ngazi kwa ngazi kwa malango ya NA (yanayodai mambo yote yatokee pamoja) na malango ya AU (ambapo moja tu linatosha) mpaka nifikie matukio ya msingi ambayo hayagawanyiki tena. Nakiri kwamba nimekumbuka mengi kwa njia hii kuliko nilipokuwa nakariri vitabu, kwa sababu kila sanduku linanidai jibu la swali moja tu: nini kingelazimika kutokea ili hili nalo litokee?

Tatizo langu limejitokeza nilipoanza kujipima kwa saa. Juzi nilijipa dakika 40, nikaandika juu ya karatasi "mgongano wa treni mbili", na muda ulipokwisha nilikuwa na visanduku zaidi ya 60, vingine vya breki, vingine vya dereva, vingine vya hali ya hewa, na sikuwa nimeandika hata sentensi moja ya maelezo. Mwenzangu aliyekwisha kufaulu ananiambia niache, kwamba mti wa hitilafu ni kazi ya ofisini inayofanywa kwa programu ya kompyuta na kwa majuma kadhaa, si kazi ya chumba cha mtihani.

Naomba mniongoze katika mambo matatu. Je, ni busara kuchora mti ndani ya mtihani, au niutumie nyumbani tu? Nishuke hadi wapi kabla ya kusimama? Na je, nitie namba za uwezekano, au mchoro bila hesabu unatosha?

Mkaguzi_Mstaafu

Ndugu yangu, mwenzako amekosea nusu na wewe umekosea nusu. Mti unafaa kabisa ndani ya mtihani, ila ule uliouchora hauwezi kumfaa mtu yeyote, kwa kuwa ulianza na tukio la kilele lisilo na mipaka. "Mgongano wa treni mbili" si tukio la mfumo wa ishara. Ni tukio la reli nzima, na chini yake yanaingia mambo ambayo mtungaji wa swali hakuyauliza.

Andika badala yake sentensi kamili yenye masharti yake: "Ishara inamruhusu dereva kuingia katika sehemu ya reli ilhali sehemu hiyo ina treni nyingine." Tazama kilichotoweka kwa sentensi hiyo peke yake. Dereva aliyepita taa nyekundu ameondoka, kwa sababu katika tukio lako taa haikuwa nyekundu. Breki zimeondoka. Umebaki na lango moja la AU lenye matawi matatu: ama mfumo wa kugundua treni umeripoti kwamba sehemu ni tupu, ama ripoti ni sahihi lakini intaloki, yaani kifaa kinachoamua ishara ipi iruhusu na ipi izuie, imetoa amri ya kuruhusu, ama intaloki imeamuru nyekundu na taa ikawaka rangi nyingine. Mtihani ukikuuliza juu ya kugundua treni, unashuka katika tawi la kwanza tu na kuyaacha mengine mawili yakiwa na alama ya kwamba hayakuendelezwa, na hakuna atakayekulaumu.

Tushuke pamoja katika tawi hilo, tukichukulia saketi ya reli ya kawaida ya umeme wa mkondo mnyofu, ambamo rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) hunyanyuka sehemu ikiwa tupu na kuanguka pale magurudumu ya treni yanapounganisha reli mbili na kuinyima umeme. Rilei inaweza kubaki juu treni ikiwamo kwa njia tatu. Ya kwanza, magurudumu hayakuunganisha reli vizuri, kwa sababu ya kutu kwenye njia isiyotumika sana, au utando wa majani yaliyosagwa, au mchanga uliomwagwa kupita kiasi. Ya pili, rilei imepata umeme kutoka mahali pengine. Ya tatu, rilei yenyewe imekwama juu, jambo ambalo wabunifu walilikabili kwa kuifanya ianguke kwa uzito wake na kwa kutumia ncha za kaboni dhidi ya fedha ili zisishikane kwa joto.

Njia hiyo ya pili ndiyo tajiri kuliko zote, nami ningekushauri uizoee. Umeme wa saketi jirani unaweza kuvuka pale kihami cha kwenye kiungo cha reli kinapovunjika. Lakini mbunifu alishaliona hilo, akapishanisha polariti (upande chanya na upande hasi wa umeme) za saketi mbili zinazopakana, ili umeme ukivuka ugongane na ule wa pili na rilei ianguke. Kwa hiyo hapa unaandika lango la NA: kihami kimevunjika NA polariti hazikupishanishwa.

Sasa simama hapo, maana ndipo watahiniwa wengi wanapopoteza alama bila kujua. Lango la AU halikudai kitu. Ukiongeza tawi lisilo na uzito, umepoteza muda tu. Lango la NA ni dai. Unaposema mambo mawili lazima yatokee pamoja, unamwambia msomaji kwamba hayategemeani, na kwamba la kwanza likitokea kuna mtu au chombo kitakachoona kabla la pili halijatokea. Je, ni kweli hapa? Polariti iliyokosewa wakati wa ufungaji hailii wala haiwaki taa. Inaweza kukaa miaka hadi kihami kivunjike. Hivyo NA hiyo si imara kama inavyoonekana kwenye karatasi, isipokuwa kuna upimaji wa polariti kila mara reli au nyaya zinapoguswa. Aya moja ya namna hiyo chini ya mchoro wa visanduku vinane ina thamani kuliko visanduku vyako 60.

Kuhusu mahali pa kusimama: simama pale ambapo unaweza kutaja kinga au kazi ya matengenezo inayolizuia tukio. "Kihami kimevunjika" kinatosha, kwa sababu kuna ukaguzi wake. Usishuke hadi kwenye kemia ya plastiki.

Na jambo la mwisho: kukatika kwa umeme na kuvunjika kwa reli usiviweke katika mti huu. Vyote viwili huiangusha rilei, yaani ni hitilafu za upande salama. Vina mti wao, wa ucheleweshaji wa treni.

Msomaji_wa_Ripoti

Nakubaliana na Mzee Mkaguzi kwa karibu yote, ila sentensi yake ya mwisho ninaomba niiwekee breki kidogo, kwa sababu nayo ni dai linalohitaji kutetewa, tena hatari yake ni kwamba haliandikwi popote kwenye mti.

Katika saketi ya rilei aliyoieleza, ni kweli: umeme ukikatika, rilei inaanguka. Lakini mifumo mingi ya leo inasoma hali ya rilei au ya saketi kwa kadi ya kielektroniki, kisha inaipeleka kwa kompyuta kama ujumbe. Tarehe 23 Julai 2011, karibu na mji wa Wenzhou nchini China, treni moja ya mwendo kasi iliigonga nyingine iliyokuwa mbele yake, na watu 40 wakafa. Uchunguzi wa serikali ulieleza kwamba radi iliunguza fyuzi katika kifaa kilichokuwa kikikusanya taarifa za saketi za reli, na kwa kasoro ya ubunifu mfumo ukaendelea kutumia taarifa za zamani, za kabla ya fyuzi kuungua, wakati ambapo sehemu ile ilikuwa bado tupu. Umeme ulikatika, na jibu la mfumo likawa "hakuna treni".

Kwa mtahiniwa somo lake ni la kiufundi kabisa. Unapoliacha tukio nje ya mti kwa kuwa ni la upande salama, andika mstari mmoja pembeni unaosema ni kwa nini ni la upande salama: "rilei huanguka kwa uzito wake", au "ujumbe wenye umri zaidi ya muda uliowekwa huhesabiwa kuwa sehemu ina treni". Usipoweza kuuandika mstari huo, basi sanduku hilo linastahili kurudi ndani ya mti.

Mkaguzi_Mstaafu

Nimekubali, na ninarekebisha kauli yangu. Nilikuwa nazungumza kwa rilei nilizozizoea.

Fundi_wa_Uwanjani

Ninaongeza mfano mmoja wa lile alilolisema Mzee kuhusu lango la NA kuwa dai, kwa sababu upo mfano ambao kila anayesomea ishara hukutana nao mapema, lakini wengi huukariri kama hadithi badala ya kuuchora.

Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 1988, karibu na stesheni ya Clapham Junction jijini London, treni iliyojaa abiria iliigonga kwa nyuma nyingine iliyokuwa imesimama, na treni ya tatu isiyo na abiria ikayagonga mabaki. Watu 35 walifariki. Ishara iliyokuwa nyuma ya treni iliyosimama haikurudi kwenye nyekundu, kwa kuwa waya ya zamani, iliyopaswa kuondolewa wakati wa kubadilisha nyaya, ilikuwa imegusa tena mahali pake pa zamani na kuipelekea rilei umeme usio halali.

Chora tukio la kilele: "Rilei ya saketi ya reli inapata umeme kupitia waya iliyopaswa kuwa imekufa." Chini yake linakuja lango la NA lenye mambo mengi ajabu. Waya ilibaki imeunganishwa upande wa fyuzi. NA upande wa rilei ilifunguliwa bila kukatwa wala kufungwa vizuri kwa utepe wa kuhami umeme. NA kazi nyingine ndani ya chumba kilekile, iliyofanywa siku moja kabla ya ajali, iliisogeza waya ile. NA aliyesimamia hakuikagua. NA hesabu ya nyaya, ambayo ingeonyesha kwamba skrubu moja ina waya ya ziada, haikufanywa.

Mwanafunzi akiyatia mambo hayo matano uwezekano mdogo mdogo na kuyazidisha, atapata namba ndogo kiasi cha kuamini kwamba ajali haiwezi kutokea katika maisha ya ulimwengu. Ilitokea. Sababu ni kwamba mambo yale hayakuwa matano. Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden ulionyesha kwamba namna ile ya kuacha nyaya ilikuwa desturi ya fundi huyo kwa miaka mingi bila mtu kumsahihisha, kwamba alikuwa amepumzika siku moja tu katika majuma 13, na kwamba utaratibu wa upimaji ulikuwa haueleweki sawasawa kwa waliopaswa kuutekeleza. Shina moja lilikuwa chini ya matawi yote: namna kazi ilivyopangwa na kusimamiwa.

Kwa hiyo unapochora NA yoyote yenye binadamu upande mmoja na ukaguzi wa binadamu upande wa pili, jiulize kama wote wawili wametumwa na mtu mmoja, usiku mmoja, kwa mchoro mmoja. Mkaguzi anayesoma mchoro uleule wenye kosa lilelile hataliona kosa. Chora sanduku la chanzo cha pamoja, uliunganishe na matawi yote mawili kwa lango la AU, na mti wako utaanza kufanana na uwanja ninaoufahamu.

Mwenye_Hesabu

Hakuna aliyejibu swali la tatu, nami nitajaribu.

Mti wa hitilafu ulizaliwa mwaka 1962 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa ajili ya mfumo wa kurushia makombora ya Minuteman, na tangu mwanzo ulikuwa na sura mbili: ya mantiki na ya hesabu. Katika mtihani ya kwanza ni ya lazima, ya pili ni ya kuchagua. Lakini ukiichagua, usikosee vipimo, maana kosa la vipimo linamwonyesha msahihishaji kwamba hukuelewa kilichopo ndani ya lango.

Kosa lenyewe ni hili. Katika lango la AU unajumlisha viwango vya hitilafu, na hapo hakuna tatizo kama namba ni ndogo. Katika lango la NA watu huzidisha kiwango kwa kiwango, yaani "kwa saa" mara "kwa saa", wakapata "kwa saa mraba", kitu ambacho hakipo duniani. Ili lango la NA likupe kiwango kwa saa, ni lazima uingize muda: hitilafu ya kwanza inakaa kwa saa ngapi kabla ya kugunduliwa na mfumo kuwekwa katika hali salama?

Chukua kompyuta ya intaloki yenye chaneli mbili, yaani njia mbili zinazofanya kazi ileile na majibu yake kulinganishwa, ambapo kila chaneli ina kiwango cha hitilafu cha 10⁻⁵ kwa saa (namba ya mfano tu, nimeibuni kwa urahisi wa hesabu). Ili kutokee hatari, chaneli moja lazima iharibike, kisha ya pili iharibike kwa namna ileile kabla ya kosa la kwanza kugunduliwa. Ya kwanza inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, hivyo kiwango cha hatari ni takriban 2 × 10⁻⁵ × 10⁻⁵ × muda wa kugundua. Ukigundua ndani ya saa 1, unapata 2 × 10⁻¹⁰ kwa saa. Ukigundua baada ya saa 1,000, unapata 2 × 10⁻⁷. Vifaa ni vilevile na mchoro ni uleule, lakini hatari imekua mara 1,000. Ukilinganisha na ngazi ya 4 ya usalama katika EN 50129, waraka wa Ulaya wa masharti ya usalama wa ishara za reli, inayotaka hatari ya kila kazi iwe chini ya 10⁻⁸ kwa saa, mfumo wa kwanza unapita na wa pili unaanguka vibaya.

Sasa weka alichokisema Fundi. Tuseme katika kila hitilafu 100 za chaneli, moja tu inatokana na chanzo kinachozipiga zote mbili kwa mara moja: joto la chumba au umeme wa pamoja. Asilimia 1 ya 10⁻⁵ ni 10⁻⁷ kwa saa, na inaingia kwenye kilele kwa lango la AU, bila kuzidishwa na chochote. Ni mara 500 ya ile 2 × 10⁻¹⁰ uliyokuwa ukijivunia. Yaani hesabu yote ya lango la NA imekuwa kama tone, na jibu la mti limeamuliwa na sanduku moja ambalo wanafunzi wengi hawalichori.

Nyongeza mbili fupi. Makosa ya programu na ya data usiyape uwezekano. Hayachakai wala hayatokei kwa bahati, yapo au hayapo, na kinga yake ni ubora wa utaratibu wa kuyaandika na kuyahakiki. Pili, ukiwa na dakika tano tu, acha hesabu na utaje mikusanyiko midogo kabisa ya matukio yanayotosha kufikisha kilele. Mkusanyiko wenye tukio moja pekee ndio wa kwanza kuandikwa, na ndio wa kwanza kuelezewa kinga yake.

Mwanafunzi_Ishara

Mzee Mkaguzi, shikamoo, na ninyi nyote asanteni sana. Nimefuta mti wa mgongano na kuanza upya kwa mfumo mwingine, ili nijipime kama nimeelewa au nimeiga tu.

Nimechagua makutano ya reli na barabara yanayojifunga yenyewe treni inapokaribia. Tukio la kilele nimeliandika hivi: "Treni inaingia katika makutano ilhali watumiaji wa barabara hawakupewa onyo." Chini yake nimeweka lango la NA: vizuizi havikushuka NA taa nyekundu za barabara hazikuwaka NA kengele haikulia. Nilifurahi kwamba kuna kinga tatu. Kisha nikayasoma tena majibu yenu na nikaanza kuwa na mashaka. Pia nina sanduku la "dereva wa gari anapuuza taa", ambalo sijui liingie wapi. Naomba mnikosoe.

Mkaguzi_Mstaafu

Marahaba. Mashaka yako ni ya haki. Hizo kinga tatu ni midomo mitatu ya mtu mmoja. Vizuizi, taa na kengele vyote vinasubiri amri moja kutoka kwa kigunduzi cha treni inayokaribia. Kigunduzi kisipoiona treni, vyote vitatu vinanyamaza pamoja. Kwa hiyo lango lako la kwanza chini ya kilele ni AU: ama amri ya kuanza haikutolewa, ama amri ilitolewa na vifaa vyote vikashindwa kuitii. Lango lako la NA linabaki, lakini linashuka ngazi moja na kuwa chini ya tawi la pili, mahali ambapo uzito wake ni mdogo sana. Uzito wote uko katika tawi la kwanza, ambalo kwenye mchoro wako halikuwapo.

Katika tawi hilo la kwanza uliza: kama saketi ya reli haikuiona treni kwa sababu ya kutu, ni nini kingine kingeiona? Mara nyingi jibu la wabunifu ni kuongeza kifaa cha aina nyingine, kama kikanyagio kinachosukumwa na gurudumu lenyewe. Hapo unaruhusiwa kuandika NA, na unaweza kuitetea: kutu inayoizuia saketi haikizuii kikanyagio, na kikanyagio kilichochakaa hakiiathiri saketi. Teknolojia mbili tofauti, sababu mbili tofauti. Utaniuliza kama hakuna chanzo cha pamoja kabisa. Kipo: kikosi kimoja cha matengenezo kinachovipima vyote viwili usiku mmoja na kusahau kuondoa waya ya muda ya majaribio. Kiandike.

Usisahau muda pia. Onyo lililochelewa ni onyo ambalo halikutolewa. Nchini Uingereza, makutano ya nusu-vizuizi yanayojiendesha hutakiwa kutoa onyo la angalau sekunde 27 kabla ya treni kufika. Treni ikienda kasi kuliko ile iliyokusudiwa wakati wa kupima umbali wa kigunduzi, kila kifaa kitafanya kazi yake na tukio la kilele bado litatokea. Kwa hiyo rekebisha sentensi yako ya kilele iseme "hawakupewa onyo la muda wa kutosha".

Dereva wa gari anayepuuza taa mwondoe. Katika tukio lako onyo halikutolewa, hivyo hakuna taa ya kupuuza. Yeye ni wa tukio lingine.

Msomaji_wa_Ripoti

Na huyo dereva wa gari ndiye mpaka wa chombo hiki. Mti wa hitilafu hausemi kitu juu ya mpangilio wa matukio, nani alitangulia na nani alifuata. Onyo limetolewa, gari limeingia, limezima katikati ya reli, treni iko umbali gani? Hayo yanachorwa kwa mti wa matukio, unaoanzia kushoto na kwenda mbele hadi kwenye madhara. Mtihani ukikuuliza "nini kinafuata", usiulazimishe mti wa hitilafu ujibu. Vilevile ukiulizwa kuhusu kifaa kimoja na njia zake zote za kuharibika, jedwali la kuanzia kwa kila kijenzi kwenda juu litakuwa jepesi kuliko mti. Kuchagua chombo kwa sababu, na kuiandika sababu hiyo katika sentensi moja, ni sehemu ya jibu.

Mwanafunzi_Ishara

Nimechora upya. Visanduku 11, dakika 14, na nikabaki na muda wa kuandika aya tatu kuhusu tawi la kugundua treni peke yake. Tukio la kilele linaweza kufikiwa na tukio moja pekee mahali pawili: kasi iliyozidi ile ya ubunifu, na waya ya muda iliyosahauliwa.

Mkaguzi_Mstaafu

Vizuri. Sasa rudi kwenye ule mti wa kwanza, wa ishara na sehemu yenye treni. Ondoa saketi ya reli, weka kihesabu-ekseli kinachohesabu ekseli zinazoingia na zinazotoka, kisha uchore tena bila kuangalia wa zamani.

Mwanafunzi_Ishara

Nimefanya hivyo usiku huu. Kutu, majani na mchanga vimetoweka vyote, na vihami pamoja na polariti zake vimeondoka. Nilidhani mti utakuwa mfupi, mpaka nilipojiuliza hesabu ikivurugika inarudishwaje sifuri. Mahali pa kutu sasa pana mtu anayebonyeza kitufe cha kusawazisha hesabu wakati treni ingali ndani ya sehemu. Nikaweka lango la NA: fundi anaomba kusawazisha NA mwongozaji wa treni, yule anayeziruhusu treni kutoka chumba cha ishara, anakubali. Kisha nikaanza kuandika utetezi wake, nikakwama kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu kama wote wawili wanaamini kwamba treni imekwisha kuondoka, wameamini hivyo kutokana na simu ileile moja.

Fundi_wa_Uwanjani

Chora sanduku la hiyo simu, uliunganishe na pande zote mbili. Kisha andika kwamba baada ya kusawazisha, sehemu isihesabiwe kuwa tupu mpaka treni ya kwanza ipite polepole kwa tahadhari na hesabu yake ilingane.